Kidonge cha Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika. Msimamizi wangu, profesa wa hesabu, ndiye aliyenishauri. Anasema mwanafunzi wa shahada ya uzamivu asiyekuwa na mahali pa kumwaga yaliyomjaa kichwani huishia kuyamwaga ofisini kwake, na yeye hana muda huo. Haya, namwaga hapa.

Kwanza kazi. Natengeneza hesabu za hamira. Ndani ya hamira sukari huvunjwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, ambacho kinafanya kazi hiyo moja tu. Mimi naandika mlinganyo wa kila hatua, naiunganisha yote, kisha naiuliza kompyuta: sukari ikiongezwa mlangoni, ndani kutatokea nini? Wateja wa mama wakimuuliza binti yake anasomea kitu gani, hujibu, "Hesabu za mkate." Nimeacha kumsahihisha.

Pili nyumbani. Tupo watatu: mama, anayeshona sare za shule sebuleni, mdogo wangu, fundi umeme, ambaye wenzake kazini wamembandika jina la Soketi na sasa hata mama humwita hivyo akiwa amefurahi, na mimi. Soketi ana kifafa tangu utotoni. Dawa ilikuwa imemtuliza kwa muda mrefu mpaka tukaanza kusahau. Wiki iliyopita akaanguka kazini, akiwa chini, nashukuru Mungu, si juu ya ngazi. Leo nimempeleka kliniki. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole na foleni iliyofika mpaka nje, alisoma kadi yake, akasema vidonge vitatu kwa siku havimtoshi tena. Ameongeza kimoja cha jioni. Akaandika tarehe ya kurudi kupimwa damu. Mama amejitwika hicho cha nne: atampa kwa mkono wake mwenyewe, ili asije akasahau.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 11 Machi

Soketi hajambo kabisa. Amerudi kazini kwa mjomba. Mjomba ni kaka yake mama, mkandarasi wa majengo, na ndiye aliyempa kazi, jambo ambalo hachoki kutukumbusha. Nilipoingia jioni Soketi akaniuliza, kama anavyoniuliza kila siku, "Dada, hamira imeumuka?" Nikamjibu bado. Akasema basi niifunike kwa kitambaa niiache mahali penye joto. Mama akacheka mpaka akapoteza sindano.

Jumatano, 13 Machi

Kompyuta imenifanyia kituko. Nimeongeza sukari kidogo tu, na kemikali moja ya katikati ya njia ikaanza kupanda. Zile nyingine zote hupanda kidogo kisha hutulia. Hii inakwenda tu, mpaka mstari unatoka nje ya mchoro. Nimekagua programu mstari kwa mstari. Sioni kosa, lakini lazima lipo.

Sisi watu wa hesabu tuna njia yetu ya mkato. Hatuhangaiki kufuata kila dakika. Tunasema ukisubiri vya kutosha kila kitu kitatulia, kinachoingia kitakuwa sawa na kinachotoka; basi unaweka mabadiliko yote kuwa sifuri tangu mwanzo, unatatua, unakwenda kunywa chai. Tunaiita hali tulivu. Inatupunguzia kazi nyingi mno, ndiyo maana hatuulizi sana kama ipo.

Jumatatu, 18 Machi

Leo ilikuwa siku ya Soketi kurudi kupimwa damu. Mvua kubwa, mimi nina kikao na msimamizi, naye yuko kazini na hajambo. Tutakwenda wiki ijayo.

Jumanne, 19 Machi

Shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi amekumbuka siku moja kwamba mtoto wake amekua. Mafurushi ya vitambaa yamejaa kwenye kochi, tunakaa kwenye viti vya jikoni. Mama anakanyaga mashine tangu alfajiri. Soketi alipitisha kikombe cha chai juu ya furushi moja, kikamponyoka. Mama alimfokea kuliko ilivyostahili. Yeye akasimama tu anautazama mkono wake.

Jumamosi, 23 Machi

Soketi amejikwaa mlangoni akaangusha mwavuli na kiti. Tope, amesema. Kweli kuna tope.

Jumanne, 26 Machi

Msimamizi ameutazama mchoro wangu kwa muda ambao mtu hutumia kutazama saa. Akasema, "Ndani ya kiumbe hai kitu hakipandi milele. Umekosea mahali." Nikamwambia nimekagua. Akaniambia nikague tena, na kama sioni, niweke sifuri kama watu wote, nitatue, tuendelee, kwa sababu makala inatakiwa kabla mvua hazijaisha. Nilitoka nimekereka. Kinachonikera zaidi ni kwamba huenda anasema kweli.

Kliniki bado hatujakwenda.

Ijumaa, 29 Machi

Mjomba alikuja jioni. Hakukaa, na mjomba akikataa kiti ujue ana neno. Alimwambia mama, mbele yetu sote, kwamba Soketi anafika kazini amevaa miwani. Juzi amepanda ngazi akishikilia kila kitu kama bibi kizee, jana ameunganisha waya si wake, na akiongea ulimi mzito. Mafundi wanacheka. Mwenye nyumba ameuliza.

Mama akamtazama Soketi. Soketi akasema, polepole, akitafuta maneno, "Sinywi, mjomba. Naona ni dawa. Dawa ndiyo inanilevya."

Mjomba akacheka kwa pua. Akasema dawa hiyohiyo ameinywa miaka yote, imeanza kulevya mwezi huu ambao mshahara umeongezeka? Akaondoka.

Mama akarudi kwenye mashine yake. Na mimi, niandike ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma, niliona mjomba ana hoja. Kidonge kimoja juu ya vitatu ni nyongeza ya theluthi. Nyongeza ya theluthi ingempa athari ya theluthi: usingizi kidogo, labda. Haiwezi kumgeuza mtu anayetembea akawa anayeyumba. Nilipiga hesabu hiyo kichwani nikiwa naosha vyombo, na nikaridhika nayo.

Jumanne, 2 Aprili

Soketi amemwaga unga. Mjomba hakumfokea, alimwambia tu aache vifaa na aende nyumbani apumzike, na sote tunajua maana yake. Alisahau kukata umeme kabla ya kufungua boksi. Hakuna aliyeumia.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama ameacha kushona. Ameshika tama, mbele yake mafurushi yamefika dirishani. Akaniambia, "Nenda kazungumze naye. Wewe ndiye msomi." Nikaenda.

Alikuwa koridoni anatoka bafuni, mkono ukutani. Nilimuuliza alikuwa wapi tangu mjomba amfukuze mpaka sasa hivi. Akasema alikuwa anatembea. Wapi? Akasema njiani, anatembea polepole kwa sababu ardhi haitulii. Hivyo ndivyo alivyosema, ardhi haitulii, na ulimi wake ukayavuta yale maneno, na mimi nikashikwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Miaka yote mama amekuwa akilala mlango wazi ili amsikie akianguka. Niliacha nafasi ya kwenda kusoma mbali kwa sababu yake. Niliyasema yote hayo. Kisha nikamwambia, "Fungua mdomo."

Ana miaka ishirini na sita. Ni mrefu kunishinda. Akainama, akafungua mdomo, nami nikamnusa.

Nilisikia dawa ya meno. Fizi zake zilikuwa zimevimba kidogo, niliona hilo pia. Pombe sikuisikia.

Akauliza, "Umepata nini?"

Nikamwambia, "Umejifunza kujificha, hongera."

Hakunijibu kwa hasira. Alinitazama, au alielekeza uso wake kwangu, akasema, "Dada, umenusa mwenyewe. Sasa nifanye nini uniamini?" Nikampa kisogo nikarudi jikoni. Nilimwambia mama atazame kwamba anameza dawa zake mbele yake, hasa cha jioni, maana mlevi husahau dawa.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua bila kituo. Sisemi na Soketi, Soketi hasemi nami. Mama anampa kidonge, anasubiri ameze, anamwangalia chini ya ulimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekata shauri kumshtaki msimamizi kwa hamira yenyewe. Ghorofa ya chini yuko mwanakemia wa rika langu tunayemwita Pipeti, jina la lile bomba jembamba la kupimia, kwa kuwa naye ni mrefu na mwembamba hivyohivyo na hachukui tone lisilomhusu. Nimemwomba ailishe hamira sukari kama mlinganyo wangu unavyotaka na apime ile kemikali ya katikati kila baada ya muda. Akaniuliza nataka apate nini. Nikamwambia nataka apate kilichopo. Akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu wa hesabu amemjibu hivyo.

Jioni Soketi hakuinuka kula. Mama alimpelekea kidonge kitandani.

Jumatano, 10 Aprili

Nitajitahidi kuyapanga haya.

Mchana Pipeti aliniita. Ile kemikali imepanda, haikutulia, na mwishowe hamira ikaanza kufa. Alama zake zimeangukia kwenye mstari wangu, kila moja. Programu haikuwa na kosa. Tukarudi kwenye milinganyo tukaona kwa macho: kile kimeng'enya kina kasi yake ya mwisho. Ukikipa kazi kidogo kinafanya kidogo, ukikipa nyingi kinafanya nyingi, lakini kikishajaa hakiongezi tena. Na ukivuka pale, hata kwa kiasi kidogo sana, ziada haiondoki. Inabaki ndani, na ya kesho inakuja juu yake. Kusubiri hakusaidii. Hali tulivu haipo.

Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa nikiwa na furaha tele. Mama aliona. Hajaona uso wa furaha nyumba hii kwa siku nyingi, akasimamisha mashine akaniuliza kuna nini. Nikataka kumweleza kweli safari hii, si mkate. Nikamwonyesha mafurushi. Nikamwambia, tuseme mashine hii kwa siku inashona sare kumi na wanaleta tisa, unamaliza. Wakileta kumi na moja je?

Mama akasema, akiwa amechoka na mambo yangu, "Si hiyo moja inalala hapo kwenye kochi."

"Na kesho?"

"Mbili. Mwanangu, haya nayajua, yamenijaa mpaka dirishani. Wanadhani nikiletewa nyingi nitakanyaga haraka zaidi. Mguu ni huuhuu." Akatazama saa ya ukutani, akachukua kile kichupa kutoka juu ya mashine, akatoa kidonge akakiweka kiganjani. Akamwita Soketi.

Soketi akaja akishika ukuta, akaweka mkono wake mbele.

Nami nilikuwa bado nimenyoosha kidole kwenye mafurushi. Niliona kile kidonge, kimoja, cha nne, na sijui niseme nini zaidi. Dawa huvunjwa kwenye ini. Kwenye ini kuna kimeng'enya. Ninafanya kazi hii miaka mitatu.

Nikasema, "Mama, usimpe."

Mama akashangaa. "Nisimpe? Si wewe uliyeniambia nimhakikishe?"

Soketi aligeuka kunitazama. Macho yake yalikuwa yanachezacheza, yanakwenda kando na kurudi, kando na kurudi, wala hayasimami. Huenda yamekuwa hivyo wiki nzima. Mimi sikuwa nimemtazama machoni tangu nimnuse.

Nilimwambia, "Ni dawa. Ulisema ni dawa." Alikaa chini palepale sakafuni, akaegemea furushi la sare, akaanza kulia bila sauti. Mama amesimama katikati yetu na kidonge mkononi hajui akiweke wapi. Tulichukua gari la jirani.

Alhamisi, 11 Aprili

Amelazwa. Majibu ya damu yametoka: dawa iko mbali sana juu ya mpaka. Daktari ni yuleyule mama wa sauti ya upole. Alipomwona Soketi akijaribu kugusa pua yake kwa kidole na kukosa, akageuza kadi. Nilianza kumchorea mkunjo wa ule mstari unaopanda, nikiongea haraka, kasi ya juu, ziada, hakuna hali tulivu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo," akasema. "Dawa hii iko hivyo, tunafundishwa. Kuna watu kidonge kimoja kinawavusha na kuna watu hakiwafanyi chochote, na huwezi kumjua yupi ni yupi kwa kumtazama. Ndiyo maana niliandika arudi tarehe kumi na nane apimwe." Akanionyesha. Mwandiko wake safi kabisa. "Mbona hamkuja?"

Nikamwambia mvua ilikuwa kubwa.

Aliandika wasimpe dawa kwa sasa, wamwangalie kwa karibu asije akaanguka, na damu ipimwe kila siku. Akaniambia niende nikanywe maji.

Ijumaa, 12 Aprili

Mama hali chakula. Amekaa kwenye benchi la wodini, ameweka mikono mapajani, viganja juu, anaitazama. "Nilimpa kwa mkono huu," ananiambia. "Kila jioni. Siku ile amekataa kula nilimwinua kichwa nikampa." Nikamwambia hakujua. Akasema, "Mimi sikujua." Akaishia hapo. Ningependa angenitukana.

Soketi amelala upande wa ukuta. Nimekaa naye saa za kutembelea zote, hakugeuka. Nesi alipokuja akageuka, akamjibu vizuri.

Jumapili, 14 Aprili

Dawa kwenye damu inashuka. Kila siku inashuka kipande kilekile, juzi, jana na leo, mstari ulionyooka kabisa. Ndivyo inavyopasa kuwa: ini linafanya kazi kwa kasi yake ya mwisho, haliongezi wala halipunguzi. Mstari huo umenipa kasi yenyewe. Ini la Soketi linaweza vidonge vinne kasoro kidogo kwa siku. Tulikuwa tunampa vinne. Tofauti ni kipande ambacho ukikiweka kwenye kucha hutakiona, nacho kimelala ndani yake kila siku tangu mwanzo wa mvua.

Nilitaka kumweleza haya. Nikaishia kummenyea chungwa. Alilila, akiwa bado ameelekea ukutani.

Jumatatu, 15 Aprili

Mstari umeanza kupinda. Maana yake ini limepata nafasi ya kupumua. Soketi ametembea hadi mwisho wa wodi na kurudi bila kushika kitu, na wagonjwa wengine wakampigia makofi. Mama akapiga kigelegele, nesi akamwambia hapa ni hospitali. Hofu sasa ni ya upande wa pili: dawa ikishuka sana, kifafa kinarudi. Vitatu havikumtosha, vinne vimemzamisha, na nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba.

Jumatano, 17 Aprili

Daktari ameniita. Kwenye kadi kulikuwa na kipimo cha zamani cha wakati wa vidonge vitatu. Kwa kipimo hicho na ule mstari wa wodini tumekaa tukapiga hesabu pamoja, yeye kwa uzoefu wake, mimi kwa milinganyo. Upo ukubwa mwingine wa kidonge hichohicho, cha watoto, nusu ya cha mtu mzima. Vitatu na hicho kimoja. Hesabu yangu inasema atatulia ndani ya mipaka, ingawa karibu na ukingo wa juu. Nilimwambia sina hakika. Akasema hata yeye hana, ndiyo maana kuna tarehe. Akaiandika, akanipa kadi mimi, si Soketi, akanitazama.

Alhamisi, 25 Aprili

Yupo nyumbani. Anatembea vizuri. Anaongea vizuri, na mama, na majirani. Nami ananijibu: ndiyo, hapana, asante. Hajaniuliza kama hamira imeumuka.

Ijumaa, 26 Aprili

Mjomba amekuja. Safari hii alikaa. Alimwambia Soketi ngazi yake bado ipo. Soketi akasema atafikiria.

Alhamisi, 2 Mei

Nilijaribu. Nilimwambia samahani, mlangoni kwake, kwa maneno niliyoyapanga njiani. Akasikiliza. Akasema, "Sawa, dada," akarudi kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Ile sawa imenikaa kifuani siku nzima.

Jumatatu, 6 Mei

Tarehe ya damu. Mvua ya kutisha. Tulikwenda sote watatu, tumeshikana mikono kwenye madimbwi, mama akiwa katikati. Majibu: palepale hesabu iliposema, au karibu. Daktari aligonga meza kwa kidole, kama anayebisha hodi. Soketi akamwambia asante. Mimi nilikwenda nje nikalia nyuma ya ukuta wa duka la dawa.

Jumanne, 14 Mei

Msimamizi amefurahi mno. Alama za Pipeti amezikubali, makala ameibadilisha kichwa, na sasa anasema kwamba daima alihisi kuna jambo pale. Nikamwachia. Kisha nikafanya kosa la kumsimulia habari za nyumbani. Akainuka kitini. "Lakini huo ni mfano mzuri sana!" Anataka iwe sura ya mwisho ya tasnifu: kutoka hamira hadi kwa mgonjwa, kimeng'enya kimoja, mkunjo mmoja. Jina halitatajwa. Ninachohitaji ni ridhaa ya mgonjwa.

Neno lile "mfano" nilirudi nalo nyumbani likinichoma.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua zimekatika. Kochi limeonekana, tumekaa juu yake. Soketi amerudi kazini, mjomba ndiye aliyekuja kumchukua. Sijamuuliza.

Ijumaa, 24 Mei

Nimemuuliza.

Nilingoja mama amalize kukata kitambaa cha mwisho, nikatandaza mchoro juu ya meza yake ya kukatia. Nilikuwa nimeuchora upya, safi, kwa ajili ya sura hiyo. Chini ni siku, tangu mwanzo wa mvua. Kando ni kiasi cha dawa kwenye damu. Mstari unaanza chini ya mpaka, unapanda, unavuka, unaendelea kupanda, unafika kilele siku ya kulazwa, unashuka umenyooka, unapinda, unatulia. Hali tulivu, safari hii ipo. Nilimweleza yote kama ningemweleza mwanafunzi mwenzangu, na yeye ni fundi, alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Aliuliza maswali mawili, yote mazuri. Mama alikaa kando anatoa pini kwenye sare, ametega sikio.

Nikamwambia hatatajwa. Nikamwambia akikataa basi, haitaandikwa, nitamjibu profesa mwenyewe.

Alivuta kiti akainamia mchoro. Akafuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo, polepole, kidole kimetulia kabisa. Kidole kilipofika katikati ya mpando kikasimama.

"Dada," akasema. "Ile siku uliyoninusa mdomo. Iko wapi hapa?"

Mama akaacha pini.

Sikuhitaji kutafuta. Nilimwonyesha. Tarehe mbili Aprili, juu kabisa ya mpaka, mahali ambapo mtu yeyote mwenye kiwango hicho angeyumba, na ulimi ungekuwa mzito, na ardhi isingetulia. Alama iko pale kwenye mstari, sawasawa na zile nyingine, ndogo, nyeusi, haisemi chochote.

"Hapa?"

"Hapo."

"Na hakuna maandishi."

"Hakuna."

Akachukua kalamu ya mama, ile ya kuwekea alama kitambaa, akaniwekea mbele yangu. "Iandike," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyowaambia wasaidizi wake washike waya.

Nikaandika, herufi zikaenda mrama pembeni mwa mchoro wangu safi. Niliandika: Hapa alikuwa amekwisha kusema ni dawa. Nilimnusa mdomo. Sikusikia kitu, na sikumwamini.

Alisoma mara mbili. Akauacha wino ukauke, akakunja karatasi kwa uangalifu, akanirudishia.

"Sasa mpelekee profesa wako," akasema.